Uongo Niliowatungia Wakorea

Wajukuu zangu wana redio ndogo, na kila ikitaja Korea ya Kaskazini hunigeukia wote kwa pamoja. Wanajua babu yao aliwahi kuwa jirani na watu wa nchi hiyo. "Babu, ni kweli kule mtu akicheka anafungwa? Ni kweli hawaoi mpaka serikali iwagawie wake?" Mimi hukohoa kwanza. Kikohozi humpa mzee nafasi ya kufikiri. Maana baadhi ya hayo wanayoniuliza niliyatunga mimi, kwa kinywa changu hiki, kwenye baraza la kahawa hapa Bagamoyo. Wala sikuyatunga kwa ujinga. Niliyatunga kwa wivu.

Sijui kama uongo wangu ndio uliofika redioni. Labda siyo. Labda kila mahali walikofika wale watu alikuwapo mwanamume mwenye mke mzuri na mdomo usiofungika.

Sasa nitasema yote, ila asitazamie mtu mpangilio. Shule niliishia darasa la pili, kwenye chuo cha Kurani nilihitimu juzuu ya Amma nikaona imetosha, na mwalimu naye aliona imetosha. Kazi yangu ilikuwa makuti. Kusuka na kuezeka, hasa kuezeka. Fundi wa makuti ni mtu wa hatari kidogo, watu hawalijui hilo. Unapokaa juu ya kombamoyo, ile miti ya paa, huku paa halijafungwa, unaiona nyumba ya mtu yote kwa ndani, vyungu vyake, kitanda chake, alichoficha nyuma ya kasha. Mwenye nyumba akikuletea maji anakutazama usoni ajue umeona nini. Mimi nimeona mengi. Kuna nyumba moja ya mtu mkubwa mjini, nilikuta... lakini hilo halina uhusiano na Wakorea.

Wale watu walikuja miaka ya sabini mwanzoni, sita kwa idadi, kutufundisha mpunga katika bonde la Ruvu, upande ule wa kwenda Makurunge. Nyumba yao ilijengwa ng'ambo ya njia inayopita mlangoni kwangu, na mimi ndiye niliyeitwa kuiezeka. Walikuwa wameshahamia; walilala humo humo huku mimi nikiwafunika vipande vipande. Sisi tuliwaita Wachina. Siku zile mgeni asiyekuwa Mzungu, Mwarabu wala Mhindi alikuwa Mchina, maana Wachina walikuwa wanajenga reli na habari zao zilienea. Hakuna aliyewauliza.

Kutoka juu ya paa niliona viatu jozi sita vimepangwa nje ya mlango, kama msikitini. Niliona mikeka sita sakafuni, sawasawa. Asubuhi walisimama mbele ya picha ukutani wakaimba, kisha wakaenda kazini bila kusema neno. Yote hayo hayakunishtua. Kilichonishtua ni siku ya tatu. Wawili walitoka uani na jembe, wakachimba shimo, wakashusha mtungi mkubwa hadi shingoni, wakaufunika, wakaweka jiwe juu. Mmoja, yule mrefu kuliko wote, alilikanyaga jiwe mara mbili kuhakikisha.

Mtu wa bara anaweza kusema, basi, wamezika mtungi. Kwetu pwani ukizika chombo uani ukakiwekea jiwe, hilo si jambo la mboga. Hilo ni fingo. Wazee wetu walizika fingo kulinda mji, kumzuia adui asipite au aliyeingia asitoke. Nilishuka pale juu kazi haijaisha, na jioni nikawa barazani.

Baraza letu lilikuwa la mtani wangu, Mnyamwezi muuza kahawa. Babu zake walikuja na misafara wakabaki, na sisi watu wa pwani na Wanyamwezi tuna utani tangu enzi hizo. Alikuwa haniachii nafasi hata siku moja.

"Mtani," akasema, "umeona fingo au umeona njaa?"

"Nimeona kwa macho yangu! Mtungi, shimo, jiwe."

"Na ndani ya mtungi?"

Hapo ndipo mguu wangu ulipoteleza. Ningeweza kusema sijui. Lakini watu kumi na zaidi walikuwa wameshusha vikombe wananitazama. "Kichwa," nikasema.

"Cha nini?"

"Cha mbwa," nikasema haraka, maana kichwa cha mtu niliona ni kikubwa mno kwa siku ya kwanza. "Hawa hula mbwa kila siku ya Mungu. Nyama wanakula, kichwa wanazika."

Usiku ule sikulipia kahawa. Wala kesho yake. Kila jioni waliniuliza, na mimi kila jioni nilikuwa na jipya. Kwao kucheka ni mwiko wa serikali. Hawa sita ni wafungwa, wamepewa kuchagua kitanzi au Bagamoyo. ("Waliochagua kitanzi ndio wenye akili," akasema mtani.) Mtu akibisha, nilimwambia, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Nikawa balozi wa nchi nisiyoweza hata kuonyesha iko upande gani. Ilikuwa raha, siwezi kukataa. Sijawahi kusikilizwa vile tena.

Kisha mke wangu akaenda kufanya kazi shambani kwao.

Bwana shamba wa serikali alipita akitafuta wanawake wa kupandikiza mpunga, na mke wangu akajiandikisha. Tulikuwa mwaka wa sita wa ndoa, hatujajaaliwa mtoto, na nadhani alichoka kukaa nyumba kimya akinisubiri mimi nimalize kahawa. Nilimruhusu. Niliona atarudi na habari, nami nitazipeleka barazani.

Alirudi na habari kweli. Jioni ya kwanza, anaosha matope miguuni, akasema, "Wale si Wachina."

"Nani kakwambia?"

"Mrefu kasema. Ni Wakorea. Nchi yao ilikatwa katikati, kuna kaskazini na kusini, na ndugu wa huku hawezi kumwona ndugu wa kule."

Nilihisi kitu kinanichoma hapa, chini ya mbavu, na mwanzoni sikukijua ni nini. Mwanamke wangu alikuwa anajua jambo la nchi ile, na jambo lake lilikuwa zito kuliko yangu yote. Halafu lile neno. Mrefu kasema.

Kuanzia hapo halikuisha. Mrefu kasema miche isizidi mitatu shimoni. Mrefu kasema kwao baridi inagandisha mto, mtu anapita juu kwa miguu. "Huo ni uongo," nikasema, mimi! Mrefu ana Kiswahili cha daftari, kila neno kaliandika, asubuhi husimama kwenye tuta na kusema, "Habari za asubuhi, ndugu wanawake wapandaji," na wanawake wote wanakufa kwa kicheko. Mke wangu alinisimulia hayo huku akicheka mwenyewe, na mimi nikahesabu moyoni: ni lini mara ya mwisho alicheka kwa nilichosema mimi? Barazani wanaume wazima walikuwa wanashika mbavu. Nyumbani, hakuna.

Akaleta kamba. Kamba ya kawaida ya katani, yenye mafundo kila baada ya shubiri moja. Tulikuwa na jaruba letu dogo tulilorithi kwa baba yangu, na baba yangu alimwaga mbegu kwa mkono, kama baba yake. Mke wangu akaifunga kamba huku na huku, akapandikiza kwa mstari, moja kwa moja, mtu ukisimama kichwani mwa jaruba unaona njia zimenyooka mpaka mwisho. Ulikuwa mzuri ule mpunga. Ndiyo maana niliuchukia. Niliona mtu mwingine amelipita shamba langu akaliandika jina lake. Niliificha ile kamba juu ya dari, kwenye makuti. Mke wangu hakuuliza. Alisokota nyingine.

Ukaja mwezi wa Ramadhani. Kwetu mtu hali futari peke yake. Kabla adhana haijatoka, sahani zinapita njiani zimefunikwa kawa. Huyu kampelekea yule, yule kampelekea huyu. Jirani ni jirani, hata asiyefunga hupelekewa. Mke wangu alikuwa na sahani sita za kauri zenye maua ya kijani ukingoni, zilikuja na vyombo vyake vya harusi, na hakuzitoa ovyo. Siku ya kwanza ya mfungo alipakua mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga kwenye mojawapo, akaifunika, akavuka njia.

"Unawapelekea hao?"

"Jirani zetu."

"Wala mbwa?"

Aliniangalia kidogo. "Waliniuliza wiki iliyopita kwa nini wao wakipita watoto huwafukuza mbwa kwa mawe wakae mbali nao. Sikujua niwajibu nini. Wewe wajua?"

Sasa, mila yetu ni kwamba chombo hakirudi kitupu. Ukiletewa sahani, unairudisha na kitu, hata embe moja, hata chumvi. Kurudisha sahani tupu ni kumwambia mwenzako asilete tena. Yule Mrefu alilijuaje hilo? Hakulijua, kuna aliyemfundisha. Kesho yake jioni alikuja mwenyewe hadi kizingitini, akaishika sahani kwa mikono miwili, akainama. Juu yake kabichi iliyokatwakatwa, nyekundu kwa pilipili, inanuka kama kitu kilichosahauliwa.

Mke wangu aliipokea kwa mikono miwili vilevile. Mikono miwili! Mimi mumewe hunipa kikombe kwa mkono mmoja, mwingine anachochea moto.

"Kula basi," akaniambia baada ya futari. "Kali, lakini nzuri."

"Umeshakula?"

"Kabla ya mfungo nilikuwa nakula kila siku kule."

Nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Limbwata. Najua, limbwata mwanamke ndiye humlisha mwanamume, hilo hata mtoto analijua. Lakini nchi iliyogeuza kila kitu ingeshindwaje kugeuza na hilo? Nikachukua ile kabichi nikaenda kuwamwagia kuku. Nikakaa kigodani kuwatazama kama wataniangukia kwa mapenzi. Jogoo alidonoa, akatikisa kichwa, akaenda kunywa maji. Kuku wote wakafuata wakanywa maji. Hawakunipenda zaidi ya kawaida.

Sahani zikaenda, sahani zikarudi, hata mfungo ulipokwisha. Figili. Vitunguu. Siku moja, na siku hii siisahau, ilirudi na sabuni. Kipande cha sabuni nyeupe ya kunukia, kimefungwa karatasi. Wanaume wenzangu mtanielewa. Figili ni figili. Lakini mwanamume amletee mke wa mtu sabuni! Sabuni inakwenda mwilini.

"Hiyo ya nini?"

"Sahani hairudi tupu."

"Nauliza sabuni ya nini!"

"Hawana kitu kingine, bwana. Bustani yao imeliwa na nyani. Alichokuwa nacho ni hicho." Akaipeleka puani, akanusa. Akasema taratibu, siyo kwangu hasa, "Ana mke na binti. Ni mwaka wa sita yuko nchi za watu; alipoondoka binti anatambaa. Sasa atakuwa anang'oka meno ya mbele, na barua hazifiki."

Mungu anisamehe. Mtu mwingine angemhurumia yule bwana. Mimi nilichosikia ni ile sauti. Alikuwa na binti, mimi sina. Na mke wangu alimhesabia mtoto wa mtu meno kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwangu.

Nikaenda barazani nimevimba. Mtani akanimiminia. "Balozi, leo kuna nini?"

"Leo nitawaambia mpunga wao unastawi kwa nini," nikasema. Na nikasema. Kwamba kwao hakuna makaburi. Kwamba maiti hawazikwi, husagwa mifupa ikamwagwa mashambani, na wamekuja na magunia yake, ile mbolea nyeupe tunayoiona. Wanawake wetu wanakanyaga mifupa ya watu mpaka magotini. Na lile fingo chini ya jiwe, nikamaliza, limezikwa kuwafunga wanawake hao hao, mwanamke akishashikwa hatoki tena.

Hakuna aliyecheka. Hata mtani alisahau kunitania. Watu wakainuka mmoja mmoja wakaenda makwao.

Asubuhi shamba lilikuwa tupu. Wanaume wote walikuwa wamewazuia wake zao. Miche ilikuwa imekomaa kitaluni, na mche wa mpunga haungoji. Ukipita siku zake unazaa majani. Hadi alasiri habari zilikuwa zimefika Makurunge, na inasemekana Fukayosi pia, ambako mbolea ile hawajapata hata kuiona.

Mwanamke mmoja tu alikwenda.

Mtani alinifuata nilipokuwa nasuka makuti. Hakuketi. "Mtani," akasema, na mara ile hakuwa na mzaha, "wanawake wote wamebaki nyumbani isipokuwa mkeo. Yuko bondeni na wanaume sita. Watu wanasema fingo limemshika."

Nilihisi kuti limenikata kiganja. Ndugu zangu, nilirusha jiwe ng'ambo ya njia, likatua uani kwangu. Sasa kila mtu alikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe niliutoa mimi. Ningesema nini? Kwamba fingo hakuna? Basi mke wangu yuko kule kwa nini?

Aliporudi, matope mpaka kiunoni, nilikuwa mlangoni. "Kesho huendi."

"Miche itakufa."

"Na ife! Unajua watu wanasemaje juu yako?"

"Najua. Nimepita kisimani, wamenifungulia njia kama mwenye ukoma." Akaweka kapu chini. "Nataka kujua aliyesema. Mifupa. Wewe uliiona wapi mifupa, bwana?"

"Watu wamesema..."

"Watu wana kinywa kimoja, na kinanuka kahawa."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Aliosha miguu, akafunga nguo zake ndani ya kanga mbili, akazipanga zile sahani zake vizuri kwenye rafu. Asubuhi alipanda lori la kwenda kaskazini, kwao, Mkange.

Siku nne nilikaa na nyumba. Niliandaa maneno ya kumlaumu, nikayarudiarudia, hakuna wa kuyasikia. Siku ya tano mtani alikuja amevaa koti lake la Idi. "Inuka. Mke hajirudishi mwenyewe, na mwongo hatumwi peke yake." Kwetu mtani ndiye anayefaa safari kama hiyo, anaweza kukutukana mbele ya wakwe na wakwe wakacheka, mambo yakalainika. Tulichukua sukari na kanga jozi, tukavuka Wami, na mwendo wa mwisho tulikwenda kwa miguu.

Kwa mkwe wangu tulikuta watu. Nilidhani pana msiba. Kumbe habari za mifupa zimefika kabla yetu, na watu wamesikia kuwa mwenye habari anakuja. Walinipisha nafasi nzuri. Nilisema shikamoo, mzee akaitika marahaba, sukari ikaenda ndani. Kisha mkwe wangu akainama mbele, macho yanameremeta.

"Mkwe wangu, la mke lipo. Lakini kwanza tueleze hili la maiti. Wanasaga kwa kinu au kwa mashine?"

Nisiwafiche, nilitamani. Watu zaidi ya ishirini, kimya, na swali zuri kama lile! Jibu lilikuwa limeshanifika ulimini. Ndipo sauti ya mke wangu ikatoka nyuma ya pazia.

"Baba, mwambie aanze na mbwa."

"Mbwa gani?"

"Anajua. Aanze na mbwa, aje wafungwa, aje kucheka, aje kuoa. Mifupa iwe mwisho. Akimaliza yote nitajua kama nina mume."

Mtani akanisukuma kwa kiwiko. "Balozi, nchi yako inakuita."

Nikaanza. Kutunga uongo ule kulinichukua miezi na raha tupu. Kuufumua kulinichukua alasiri moja na nililowa jasho kama niliyekuwa juani. Nilisema sijawahi kumwona hata mmoja wao akila mbwa. "Na yule mbwa wa kinyozi aliyepotea, uliyesema wamemla?" akauliza mtani kwa sauti, msaliti yule. Nikasema alionekana Fukayosi amefuata jike. Nikasema si wafungwa, ni mabwana shamba. Nikasema sheria ya kutocheka sikuisikia popote, niliitunga kwa sababu nilipokuwa juu ya paa hawakunichekea. Nikasema wanaoa kama sisi, na mmoja ana binti anang'oka meno. Hapo pazia lilitikisika kidogo.

"Na mifupa?" akasema mzee. Alikuwa ameshaanza kuhuzunika. Nilikuwa namnyang'anya kitu.

"Ni mbolea ya chumvichumvi, inatoka bandarini. Hata bwana shamba wetu anayo."

"Sasa kwa nini ulisema?"

Nilitazama mkeka. "Kwa wivu, baba."

Kisha mkwe wangu akaanza kucheka polepole, kicheko cha tumboni. "Wewe," akasema, "ulipokuja kuposa hapa, kwenu walikwambia nini juu yetu sisi Wadoe?"

Kila mtu wa pwani anajua kinachosemwa. Nilijibu kwa sauti ndogo. "Waliniambia mnakula watu."

"Shangazi yako alilia. Ee? Alikuusia usilale hapa. Haya, miaka sita. Umeliwa wapi? Inua shati tuone palipopungua!"

Watu wakaangua kicheko, mtani wangu akisema nilikataliwa kwa sababu ni mifupa mitupu, siingii hata kwenye mbolea. Nami nikacheka, lakini uso ulikuwa unaniwaka. Nilikuwa nimeoa humo. Nilikuwa nimekula na kulala kwenye nyumba iliyosingiziwa, nikatoka hapo nikaenda kusingizia nyingine.

"Bado fingo," ikasema sauti ya ndani.

"Fingo sijui," nikasema. "Kweli tupu. Sijui kilichomo ndani ya mtungi."

"Uliletewa kwenye sahani. Ukawapa kuku."

Sharti lake lilikuwa hilo. Tukirudi Bagamoyo, niende mwenyewe kwa Mrefu, niinue lile jiwe kwa mikono yangu, wanawake wa shamba wakiona, na kilichomo nile.

Nililiinua. Lilikuwa zito kuliko nilivyofikiri. Wanawake walisimama ng'ambo ya njia, hakuna aliyevuka. Mrefu hakujua kinachoendelea. Aliona jirani amekuja kuomba mboga, akafurahi kweli, akakimbia kuleta bakuli. Ndani ya mtungi mlikuwa na kabichi, figili, chumvi, na pilipili zetu wenyewe za sokoni, ambazo mke wangu ndiye aliyekuwa akiwanunulia. Walizika kwa sababu ardhi ni baridi. Nilijaza kinywa. Ndugu zangu, macho yalitoka maji, pua ikatoka maji, nikapiga chafya mara nne. Na yule Mrefu akacheka. Alicheka mpaka akaketi chini karibu na shimo, anapiga paja, meno yote nje. "Ndugu jirani!" akasema. "Pole sana, ndugu jirani!" Wanawake wakavuka njia wenyewe.

Mpunga ulipandwa, umechelewa kidogo. Sisemi wivu uliisha. Ulikuwa mbaya zaidi, maana sasa nilimjua na alikuwa mtu mwema. Mtu mbaya ungemchukia ukapumzika. Alinikumbatia kila tulipokutana. Mke wangu alirudi kunicheka, lakini ni kwa kile kisa cha chafya.

Waliondoka ghafla, msimu uliofuata. Lori lilikuja alfajiri likawachukua wote sita na mikeka yao. Nadhani hata wao hawakujua mapema. Jioni ya kuamkia siku hiyo mke wangu alikuwa amewapelekea vitumbua, kwenye sahani ya maua ya kijani. Tulitafuta ndani ya nyumba, uani, kisimani. Mtungi ulikuwepo. Sahani haikuwepo.

Baadaye tulijaaliwa watoto, wakazaa hawa wenye redio. Na wanaposema nchi ile imefungwa, hakuna aingiaye wala atokaye, hakuna ajuaye kilichomo ndani, mimi hukohoa, maana najua kitu kimoja kilichomo ndani. Niliwahi kumuuliza mke wangu kama anadhani aliichukua kwa bahati mbaya. Alikuwa anachambua mchele. "Sahani hairudi tupu," akasema. "Pengine hajapata cha kuweka."

Amekataa kununua ya sita. Nimemletea mara mbili, zote ameziweka kando kwa wageni wa kupita. Tukiwa watu watano mezani, kila mmoja ana ua lake la kijani. Tukiwa sita, mmoja hula kwenye sahani ya bati, na miaka yote hii, wageni wawe nani, mwenye bati ni mimi.